Pasi Nne, Mabegi Matatu, na Dada Kabaki Nyumbani

Kusafiri nje ya nchi na watoto wadogo kunawezekana, na mkarudi bado mnaongea. Tumetoka Muscat, Oman, na haya ndiyo mambo ya kupanga kabla hamjafunga begi.

Wanandoa wengi wa mjini wakipata mtoto husema neno moja: "Tusubiri kwanza wakue, ndiyo tusafiri." Wa kwanza anafika miaka mitatu, anakuja wa pili, hesabu inaanza upya. Huku nyuma bibi aliye ng'ambo anazidi kuzeeka, ndugu aliyekuwa akiwaalika kila mwaka kachoka kualika, na pasi zenu zinakaribia kuisha muda zikiwa na muhuri mmoja tu, wa fungate.

Waulize wanaogopa nini, watakwambia ni mtoto kulia ndani ya ndege. Jamani, kilio cha ndege ni cha saa chache, na hakuna familia iliyoteremshwa angani kwa sababu hiyo. Kinachowabana wengi wetu ni kingine kabisa: dada wa nyumbani haendi. Kwenye nyumba ambayo baba na mama wanatoka saa kumi na mbili asubuhi kuwahi foleni na kurudi saa moja usiku, dada ndiye anayejua mtoto anakula nini siku asiyokuwa na hamu, analalaje, na kilio kipi ni cha njaa na kipi cha usingizi. Siku ya safari mnajikuta wanne kwenye chumba kimoja, nchi ya watu, siku kumi, na mwenye maelekezo kabaki Tabata.

Ndiyo maana nasema maandalizi ya safari ya familia ni mawili. Kuna ya karatasi, ambayo kila mtu atawaambia. Na kuna ya kuwajua watoto wenu wenyewe, ambayo haiuzwi kwa wakala wa tiketi.

Kwa nini Muscat

Sisi tulikuwa na sababu isiyosubiri. Mume wangu ana shangazi Muscat, dada mkubwa wa baba yake, mmoja wa watu walioondoka Unguja wakiwa wasichana wadogo baada ya Mapinduzi ya 1964. Wapo wengi kama yeye kule, na wengine waliwafuata baada ya 1970, Sultan Qaboos aliposhika madaraka na kuwafungulia milango Waomani waliokuwa nje. Zamani shangazi alikuwa akija Dar kila mwaka na mabegi ya halua na ubani. Sasa magoti yamegoma. Mtoto wetu mdogo alikuwa hajamwona hata siku moja, na kwenye simu kila Ijumaa swali lilikuwa lile lile: "Mnanletea lini?" Tusingekwenda sasa, watoto hawa wangekuja kumjua bibi yao kwa picha ya ukutani.

Muscat yenyewe inafaa kwa familia inayojaribu kwa mara ya kwanza. Ni kama kilomita 4,000 kutoka Dar, saa tano na kitu kwa ndege ya moja kwa moja. Saa zao zimetangulia zetu kwa saa moja tu, kwa hiyo mtoto haamki usiku wa manane akidai chai. Muda mzuri ni kati ya Novemba na Machi. Januari hali ya hewa ni ya sweta jepesi asubuhi na fulana mchana, wakati Juni na Julai joto hupita nyuzi 40, na huwezi kumtoa mtoto mdogo nje mchana.

Karatasi zina foleni zake

Anzeni miezi mitatu kabla. Mwanzo wa yote ni cheti cha kuzaliwa. Lile tangazo mlilopewa hospitali halitoshi. Kwa Tanzania Bara mnahitaji cheti cha RITA, na wapo watu wazima kabisa ambao bado hawajakichukua. Bila cheti hakuna pasi ya mtoto.

Kila mtoto anasafiri na pasi yake, hata aliyezaliwa mwezi uliopita. Pasi ya kielektroniki ilipozinduliwa Januari 2018 ada yake ilitangazwa kuwa Sh150,000, na mtoto halipiwi nusu kwa sababu ya udogo wake. Watoto wawili, hiyo ni Sh300,000 kabla hata hamjaulizia tiketi. Mkiwa na kichanga, kumpiga picha ni shughuli pevu: mlazeni juu ya kitambaa cha rangi inayotakiwa, picha ipigwe kutoka juu, na mtu mmoja apige kelele za kumfanya atazame kamera.

Kagueni mambo mawili bila aibu. La kwanza ni majina. Cheti kikisema Abdallah, pasi ikasema Abdalla na tiketi ikasema lingine, mtaeleza mpaka koo likauke. La pili ni muda: nchi nyingi zinataka pasi iwe na miezi sita au zaidi mbele. Viza nayo huombwa kwa kila mtu, mtoto akiwemo, na masharti hubadilika. Sikilizeni ubalozi au tovuti rasmi ya nchi husika, msimsikilize rafiki aliyekwenda mwaka juzi.

Na kama mzazi mmoja ndiye anayesafiri na watoto, mwingine aandike barua ya ridhaa, ipigwe muhuri na wakili, iambatane na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Inaweza isiulizwe. Lakini ikiulizwa na huna, mambo ya usafirishaji wa watoto duniani yamewafanya maofisa wa mipaka wasiwe na utani.

Siku ya kuzaliwa yenye bei

Hapa ndipo mkwanja unapoweza kuokolewa au kupotea. Kwa kawaida mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili anakaa mapajani na analipa sehemu ndogo ya nauli, mara nyingi kama moja ya kumi ya nauli ya mtu mzima. Akishatimiza miaka miwili anatakiwa kiti chake, na nauli yake inakaribia ya kwenu. Wazazi wengi hawajui kwamba umri huangaliwa kwa kila safari. Mtoto akitimiza miwili mkiwa huko, kurudi anahitaji kiti.

Mdogo wetu alikuwa anatimiza miaka miwili katikati ya Februari, na likizo ya baba yake ilikuwa ianze wiki ya kwanza ya mwezi huo huo. Tulipopiga hesabu, baba akaenda kwa bosi wake kuomba likizo isogezwe hadi Januari. Mazungumzo ya dakika kumi yakabakiza pesa iliyotosha kukodi gari kule.

Mkikata tiketi, ombeni hapo hapo viti vya pamoja. Msisubiri kaunta. Kama mna kichanga, ulizeni kile kitanda kidogo kinachofungwa ukutani mbele ya viti. Vipo vichache, vina kikomo cha uzito, mara nyingi kama kilo 10 au 11, na anayewahi kuomba ndiye anayepata. Ulizeni pia kigari cha kusukuma mtoto: mashirika mengi hukibeba bure, tena unaweza kukitumia mpaka mlangoni pa ndege.

Sindano na sanduku la dawa

Toeni kadi ya kliniki kabatini. Kwa ratiba ya hapa kwetu chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na kurudiwa akiwa na miezi 18, na ile ya pili ndiyo inayosahaulika zaidi kwa sababu mama kesharudi kazini. Ulizeni pia kama nchi mnayokwenda, au mnayopitia kubadili ndege, inadai cheti cha homa ya manjano. Chanjo hiyo hutolewa kuanzia miezi 9, na cheti huanza kutambulika siku ya 10 baada ya sindano, kwa hiyo kwenda kuchanja siku mbili kabla ya safari ni kazi bure. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hakirudiwi kila baada ya miaka 10 kama zamani.

Sanduku la dawa liwe dogo: dawa ya maji ya homa, pakiti za ORS, kipimajoto, na dawa yoyote ambayo mtoto anaitumia kila siku. Ziacheni kwenye boksi zake pamoja na cheti cha daktari. Nchi za Ghuba ni wakali sana kuhusu dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli, hata ukisema ulipewa hospitali.

Na jambo hili wazazi wote wawili walishike kichwani: mtoto akipata homa mkiwa ugenini, au wiki chache baada ya hapo, mwambieni daktari mmetoka Tanzania na kwetu kuna malaria. Daktari wa huko haioni kila siku. Anaweza kutibu mafua huku saa za maana zikipita.

Wikiendi mbili bila dada

Sasa tuje kwenye maandalizi ya pili. Wiki sita kabla ya safari tulimwomba dada atupatie semina. Alicheka kwanza, akadhani utani. Kisha akakaa mezani, mume wangu na kalamu mkononi, akaanza kumwaga. Mkubwa, mwenye miaka minne, hali ugali wa moto, unaachwa upoe mpaka utengeneze ngozi juu. Akisema tumbo linauma asubuhi, maana yake hataki viatu vya kufunga kamba. Mdogo halali kwa wimbo. Hulala akiwa ameshika pembe ya kanga ya dada, ile ya rangi ya chungwa iliyopauka, na kanga nyingine anaitambua gizani.

Kurasa tatu zilijaa. Mume wangu akaweka kalamu chini, akasema taratibu, "Huyu anatujulia watoto wetu." Hakuna aliyejibu. Lakini kuanzia usiku ule alianza kurudi mapema siku mbili kwa wiki.

Baada ya semina yakaja mazoezi. Ijumaa jioni dada anakwenda kwao, anarudi Jumapili usiku, wikiendi mbili mfululizo, na simu yake haipigwi. Wikiendi ya kwanza nyumba ilikuwa kama soko la Kariakoo mkesha wa sikukuu. Ya pili, tayari kila mtu alijua yake. Zile siku nne zilitufundisha mengi kuliko video zote za "kusafiri na watoto" ambazo marafiki walitutumia.

Hapo ndipo pia tuligawana kazi kwa maandishi. Daftari moja, safu mbili, ya baba na ya mama. Karatasi zote, pesa na usafiri wa kule vikawa vya baba. Afya, nguo na chakula vikawa vyangu. Kulaza watoto kukawa kwa zamu, usiku huyu, usiku yule. Inasikika kama kikao cha ofisi, lakini ukweli ni kwamba ugomvi mwingi wa safari huanza na sentensi moja: "Mimi nilidhani wewe umechukua." Kilichoandikwa hakidhaniwi.

Na dada? Tulimpa likizo ya siku zote kumi na mshahara wake kamili. Yeye naye ana mama huko Singida.

BEGI LA MKONONI

• Nepi za safari nzima, kisha ongeza tano.
• Nguo za kubadilisha za mtoto, na blauzi moja ya mama. Yatamwagika juu yako.
• Maziwa au uji wa mtoto. Kikomo cha mililita 100 za vimiminika kwa kawaida hakihusu chakula cha kichanga, ila mkague mtaonyesha.
• Biskuti, kalamu za rangi, na kitu kimoja kipya ambacho mtoto hajawahi kukiona.
• Kanga mbili: shuka, pazia la kunyonyeshea, mto, taulo.
• Nakala za pasi, vyeti na viza, na picha zake kwenye simu za wote wawili.
• Vifuko vya zipu au vya kitambaa vya kutenganishia vitu. Mkirudi kumbukeni mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019.

Siku ya kuruka

Jengo la Tatu la uwanja wa Julius Nyerere, lililoanza kutumika Agosti 2019, lina nafasi ya kutosha ya mtoto kukimbia, na akimbie. Acheni achoke. Fikeni saa tatu kabla, maana foleni ya Barabara ya Nyerere haimjui mtoto wa mtu.

Ndege ikipaa na ikianza kushuka, mtoto anyonye kitu: ziwa, chupa, au pipi kwa mkubwa. Kumeza mate ndiko kunakozibua masikio, na kilio kingi cha ndege ni maumivu ya masikio. Katikati ya safari pangeni zamu za saa moja moja. Aliye zamu anahudumia watoto wote wawili, asiye zamu anafumba macho bila kuulizwa. Mdogo wetu alilia wakati taa zinazimwa, baba yake akatoa ile kanga ya rangi ya chungwa. Dada alituambia tusiifue. Dakika tatu, kimya.

Muscat kwa mwendo wa mtoto

Kanuni yetu ilikuwa jambo moja asubuhi, jambo moja jioni, na usingizi katikati. Bahati nzuri mji wenyewe unaishi hivyo. Maduka mengi ya soko la Mutrah hufungwa mchana na kufunguliwa tena alasiri, na Ijumaa asubuhi mji hutulia kwa ajili ya sala. Mwisho wa wiki wao ni Ijumaa na Jumamosi.

Mutrah nendeni jioni. Kuna njia ndefu ya kutembea kando ya bahari, majahazi na meli upande mmoja, nyumba nyeupe na milima mikavu upande mwingine, na kigari cha mtoto kinapita bila tabu. Ndani ya soko ubani wa Dhofar unafukizwa kila kona. Msishangae mzee wa dukani akiwasikia mkibishana bei kwa Kiswahili, akajibu kwa Kiswahili safi cha Unguja. Na mkumbuke riali moja si shilingi ya mchezo: ina baisa 1,000 na ni sawa na zaidi ya dola mbili na nusu za Marekani.

Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa 2001, una zulia lililofumwa kwa mkono na mamia ya wafumaji wa Iran kwa miaka, lenye uzito wa tani 21. Wageni wasio Waislamu hukaribishwa asubuhi, kuanzia saa mbili hadi saa tano, Jumamosi hadi Alhamisi. Lakini kwa utaratibu wa matembezi hayo watoto chini ya miaka 10 hawaingii ukumbi mkuu wa sala. Familia kadhaa tuliziona pale mlangoni zikianza kununiana. Sisi zamu zilikuwa zimeshazoeleka: baba aliingia, mimi nikabaki uani na watoto wakifukuzana na vivuli vya nguzo, kisha tukabadilishana.

Mkipata gari, nendeni Nizwa, kama kilomita 150 kutoka Muscat. Ijumaa asubuhi kuna mnada wa mbuzi: wanunuzi wanakaa duara, wauzaji wanazunguka na mbuzi wao wakitangaza bei. Mkubwa wetu hakutaka kuondoka. Ngome ya karne ya 17 iliyo jirani, aliipita bila kuitazama. Mkikodi gari ulizeni kiti cha mtoto. Kule hawachukulii poa mtoto kupakatwa kiti cha mbele.

Na kuna siku mtafuta ratiba nzima. Siku ya tano tulikuwa tumepanga ufukwe wa Qurum na bustani yake. Shangazi alitutazama tukifunga viatu, akauliza kwa upole, "Mmenletea watoto, ama mmekuja kupiga picha?" Viatu vikavuliwa. Tulishinda jikoni kwake. Mkubwa alifundishwa kusonga chapati, mdogo alilala mapajani pa bibi akiwa ameshika pembe ya kanga, safari hii si ya dada, ya bibi. Nilimwona mume wangu anatoka kwenda uani, na nilimwacha.

Kwa hiyo kwenye ratiba yenu acheni siku mbili tupu. Watu ndio waliowatoa nyumbani. Majengo yatakuwepo.

Mkirudi

Fungueni mabegi siku hiyo hiyo, wote wawili, kwa safu zile zile za daftari. Angalieni homa kwa wiki chache. Mleteeni dada zawadi ya maana, na mwambieni kile kikaratasi chake kilifanya kazi gani. Halafu chagueni jambo moja la safarini libaki nyumbani. Sisi tulichagua zamu za kulaza. Jumanne na Alhamisi ni za baba, hata kama kuna mpira.

Basi, kama mnaipigia hesabu likizo ijayo, msianze na tiketi. Wiki hii fuatilieni vyeti vya RITA. Kisha Ijumaa jioni mpeni dada nauli ya kwenda kwao, mfunge mlango, na mjaribu kusafiri mkiwa sebuleni kwenu.